Chupa ya Achari

Shangazi Mwanakombo alinipa salamu za watu kumi na wawili
na chupa moja ya achari ya ndimu.
"Mpe Thuwaiba, mkononi mwake. Anakaa Matrah,
nyuma ya duka la vitambaa, mlango wa kijani.
Ukifika, uliza tu."

Nikauliza tu.

Matrah, milango ya kijani haina hesabu.
Ubani ulinipokea kooni kabla ya mtu kunipokea,
muuza kofia akanipima kichwa kwa jicho
akasema kimekua kwa safari.
Kwenye lango la Walawati nilizuiwa kwa adabu,
mkono kifuani: humu huingia wenye kwao.
Nikachungulia. Roshani zote zimeipa bahari uso
na mimi zimenipa kisogo.
Kijana wa rukwama ndiye aliyejua:
"Yule? Zamani hizo! Walihamia Ruwi."

Ruwi hailali wala haiamki, hupokezana zamu.
Saa za mkononi, masanduku, pilipili kwa gunia,
lugha sita katika foleni moja ya kutuma pesa,
na mimi na chupa yangu katikati
kama shahidi aliyekosea mahakama.
Fundi Shofiqul alinyanyua mguu kwenye cherehani:
"Mama wa kupunguza bei mpaka uzi unalia?
Nilimshonea magauni ya harusi tatu.
Nenda Khuwair."

Khuwair nilifika kwa basi jekundu, saa saba mchana,
saa ambayo kivuli chenyewe kinatafuta kivuli.
Nyumba nyeupe, nyeupe, krimu, nyeupe,
kama wanafunzi mstarini siku ya ukaguzi.
Njia ya miguu ilinisindikiza hadi kwenye kichaka cha maua,
ikaniaga hapo hapo.
Hakuna atembeaye. Kiyoyozi kinadondosha
tone, tone,
na paka mmoja tu ndiye anayejua pa kukaa.
Mafuta ya achari yalikwishapenya kwenye mfuko,
yakachora doa lenye umbo la Pemba,
na Wete yake, na Mkoani yake,
na visiwa vidogo vinavyozidi kuzaliwa.
Mlinzi wa jengo akaniandikia kwenye kiganja:
Khoudh. Mbele ya msikiti. Nyumba ya pili au ya tano.

Murad, dereva wa teksi, Mbulushi wa Sib,
Kiswahili alikiokota uwanjani, kwenye mpira.
Kilikuwa matusi matupu,
lakini aliyatamka kwa heshima kubwa, akinifungulia mlango.
Tulipita milima iliyokaa uchi, haina hata jani la kujisitiri,
tukapita maduka mapya yenye vioo,
nikaona muhogo kwenye meza ya njiani, na mandazi,
na juu ya paa sauti ikafoka:
"We mtoto, shuka! Nitakuja huko!"
Nikashtuka. Nusura nishuke mimi.

Nyumba ya pili, siyo. Nyumba ya tano,
kisanduku ukutani kikaniuliza kwa Kiarabu, nani.
Nikakosa jibu la kukiambia chuma.
Nikasema: Hodi.
Kimya. Mkwaruzo.
"Karibu! Hodi gani hiyo, umetokea wapi?"

Alikuwa Mwajabu wa Lushoto, unga hadi viwikoni.
"Bibi hayupo. Kila Alhamisi huenda Matrah.
Hununua kitambaa, hana hata haja nacho.
Duka lile lile. Mlango wa kijani."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, ukaniunguza.

Alinipa maji, kisha wali wa jana.
Akaitazama chupa. Nikaitazama chupa.
Mkononi mwake, alisema shangazi,
ila hakusema ijae mpaka wapi.
Tukaapa kuonja kidole kimoja kimoja.

Geti lilipolia, saa kumi na moja na robo,
achari ilikuwa imeshuka mabegani.